Safari ya Vifaranga Mia

Habari nyingi za Ngorongoro zimeandikwa na watu waliokwenda kutazama faru na simba. Mimi nami nimefika huko, lakini safari yangu ilianza na boksi la vifaranga magotini. Sikukutana na hatari yoyote njiani. Hata hivyo nilirudi na funzo lililonigharimu fedha, na nadhani litawafaa wote wanaonunua vifaranga wa siku moja.

Mimi ni karani wa parokia. Kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, watu wa kwetu Karatu huniita Mwalimu hata leo. Upande wa Tloma, juu kidogo ya mji, kuna kikundi cha akina mama ishirini. Kwa muda wa mwaka mzima waliweka akiba kidogo kidogo kila juma, wapate kununua kuku wa mayai mia moja. Hesabu yao ilikuwa nzuri. Karatu ni mji wa mwisho mkubwa kabla ya lango la Ngorongoro. Umejaa hoteli na nyumba za wageni, na wageni hula mayai kila asubuhi. Faida ya mayai ingelipa sare na madaftari ya watoto.

Mwezi Julai nilikuwa na kazi ya parokia mjini Arusha. Basi mama mwenyekiti akaniletea fedha zimefungwa katika leso, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kalamu. Hutadanganywa."

Mjini Arusha nilielekezwa kwa muuzaji mmoja, ambaye jina lake sitalitaja. Alinipa boksi lenye matundu, limegawanywa vyumba vinne ndani, na juu ya kifuniko limeandikwa jina la aina maarufu ya kuku wa mayai ya kahawia. Alisema, "Mitetea watupu, mia moja, na wawili wa nyongeza." Nilifunua kidogo, nikaona vichwa vya manjano na vya kahawia, nikasikia vilio vyao vya afya, nikafunika. Nikatia sahihi stakabadhi. Kisha nikafungua daftari la kikundi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kuku wa mayai, mitetea 102."

Alfajiri nilipanda basi la Karatu. Ni safari ya kilomita 140 hivi, na kwa mtu mwenye vifaranga ni nzuri, maana barabara ni ya lami. Mpaka Makuyuni nchi ni kavu na tambarare, na ng'ombe wa Wamasai huonekana mbali katika vumbi. Hapo basi huiacha barabara ya Dodoma na kushika mkono wa kulia. Baada ya kitambo unafika Mto wa Mbu, mahali pa migomba na ndizi nyekundu, ambapo wauzaji huzunguka madirisha ya basi. Kutoka hapo barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi. Ukigeuka nyuma unaona Ziwa Manyara likimetameta chini, na msitu wake kando. Juu ya ukuta hewa hubadilika mara moja. Udongo ni mwekundu, mashamba ya ngano na mahindi yanapanda na kushuka vilima, na huko Rhotia watu wanasalimiana kwa Kiiraqw.

Abiria mwenzangu aliniuliza kama vifaranga hawatakufa kwa njaa. Nilimweleza nililofundishwa chuoni katika somo la kilimo: kifaranga, kabla ya kutoka katika yai, huvuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake. Chakula hicho chaweza kumtunza siku mbili, hata tatu. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja husafirishwa mbali. Kinachowaua upesi zaidi ni baridi na kukosa hewa.

Na baridi ya Karatu mwezi Julai si ya mchezo. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mji mpaka saa nne za asubuhi. Lakini akina mama walikuwa tayari. Walikuwa wametengeneza duara la maboksi, wametandaza maranda makavu, na jiko la mkaa lilikuwa limewaka tangu mapema, mlango wa hewa ukiwa wazi kidogo ili moshi usiwadhuru. Juma la kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa nyuzi tatu hivi kila juma. Tulianza kuwatoa mmoja mmoja, tukiwachovya midomo katika maji ili wajue kunywa.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kunitia wasiwasi. Wa kahawia walikuwa 38. Wa manjano walikuwa 64. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliinama akawatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, mbona hawa si wa mama mmoja?"

Nilimpigia simu muuzaji. Alicheka. "Rangi ya kifaranga si kitu," akasema. "Subirini miezi miwili, watabadilika wote." Nikawapa akina mama jibu hilo, nao wakalipokea kwa sababu limetoka kinywani mwangu. Lakini yule bibi hakusema neno.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimealikwa na walimu wa shule jirani katika safari yao ya kwenda kreta. Nilikwenda, lakini mawazo yalibaki katika lile duara la maboksi.

Kutoka Karatu mpaka lango la Lodoare ni mwendo mfupi, kisha barabara hupanda ndani ya msitu mnene wenye ndevu za ukungu. Ukifika ukingoni, kwenye kimo kinachopita mita 2,200, msitu unafunguka ghafula, na kreta yote iko chini yako: kina cha mita 600 hivi, na uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260. Wenyeji hawachoki kuitazama, na sisi walimu na karani tulinyamaza kama watoto. Tulishuka kwa njia ya Seneto. Nyumbu, pundamilia na nyati walikuwa wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Twiga hatukuwaona, kwa maana twiga hawakai ndani ya kreta.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Karatu anayejua ndege sana. Kwenye Ziwa Magadi, lile la kreta, alituonyesha heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Kundi lilikuwa la waridi, lakini pembeni walisimama wengine wa kijivu kabisa. Mwalimu mmoja akasema hao ni ndege wengine. Kiongozi akasema, "Hapana, hao ni watoto wao. Rangi ya waridi huja na chakula, na huja polepole. Usitazame rangi. Tazama mdomo uliopinda na urefu wa miguu."

Mbele kidogo tukawaona mbuni. Dume mkubwa alikuwa mweusi mwenye manyoya meupe mabawani. Waliofuatana naye walikuwa wa rangi ya vumbi, nasi tukadhani wote ni majike. Kiongozi akasema, "Wale wadogo miongoni mwao wapo madume. Dume mchanga hufanana na jike mpaka akomae, ndipo hugeuka mweusi."

Ndugu msomaji, nilifurahi mno kuyasikia hayo. Kumbe muuzaji amesema kweli! Wachanga hubadilika rangi. Tulipofika chemchemi ya Ngoitokitok, mahali ambapo watu huruhusiwa kushuka kula, nilimweleza kiongozi habari za vifaranga wangu kwa furaha. Alinisikiliza huku akitazama juu, maana mwewe wa mahali pale wamezoea kunyakua chakula mkononi mwa mtu. Na kweli mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kupokonywa paja lake la kuku.

Kiongozi akaniuliza, "Kifuniko kiliandikwa aina gani?" Nikamtajia. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Mwalimu, mbuni hakuumbwa na mtu wa kiwanda. Lakini kuku wa aina hiyo wamepangwa makusudi, rangi ya siku ya kwanza iwe alama. Mke wangu anawafuga. Wa kahawia ni mitetea. Wa manjano ni majogoo. Wao watabadilika, ndiyo, lakini jogoo habadiliki kuwa mtetea." Kisha, akiona nimenyamaza, akaongeza, "Usinisadiki mimi tu. Muulize bwana mifugo, na uwapime."

Tulipanda kutoka kreta kwa njia ya Lerai, katikati ya migunga yenye magome ya manjano. Wenzangu waliimba njia nzima, lakini mimi sikuimba.

Jumatatu nilimwendea bwana mifugo. Alikuja Tloma pamoja nami, akakaa chini kwenye maranda, akamchukua kifaranga mmoja mmoja. Maelezo yake nitayaandika hapa kama alivyonifundisha, kwa faida ya wasomaji.

Kwanza, alisema, kuna alama zinazosema kweli tangu siku ya kwanza. Kifaranga wa kuku kishingo huzaliwa na shingo tupu. Kifaranga mweusi mwenye tumbo na ncha za mabawa za rangi nyeupe au manjano aweza kuwa Black Australorp, ambaye kwetu huitwa kuku wa Malawi, ingawa asili yake ni Australia. Wa Rhode Island Red ni mwekundu wa kutu. Kifaranga mwenye manyoya miguuni, au mwenye vidole vitano badala ya vinne, ana damu ya aina chache zinazojulikana kwa alama hizo. Hizi hazifichiki kwa mtu anayeinama kutazama.

Pili, kuna alama zisizoonekana mapema. Kuku kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda, hamtambui akiwa na manyoya laini ya uchanga. Ni mpaka manyoya ya kweli yaote. Tena kuna aina ambazo vifaranga wake hutoka rangi nyingi katika boksi moja: wenye mistari mgongoni kama wa kienyeji, wa manjano, weusi na wekundu. Hao ni kama Kuroiler, aliyetengenezwa India. Kuku chotara wa namna hiyo, kwa rangi peke yake huwezi kumtofautisha na kuku wetu wa kienyeji. Hapo itakubidi umjue aliyewatotolesha.

Tatu, kifaranga wa manjano ndiye anayedanganya watu kuliko wote. Aweza kuwa kuku wa nyama. Aweza kuwa mtetea wa zile aina nyeupe zinazotaga mayai meupe. Tena aweza kuwa jogoo wa aina ya mayai ya kahawia. Siku ya kwanza wote watatu ni kama mapacha.

"Basi tutajuaje?" akauliza mama mwenyekiti.

"Mizani, mama. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi. Wa nyama, akilishwa vizuri, huongezeka mara nne au zaidi katika juma la kwanza. Wa mayai hafiki hata mara mbili. Siku ya nane nitarudi."

Tena akatueleza jambo lililonishangaza. Akasema hawa wa manjano na hawa wa kahawia, kama anavyodhani, ni wa baba mmoja na mama mmoja. Baba ni mwekundu na mama ni mweupe; mabinti hupata rangi ya baba, na wana hupata weupe wa mama. Yule bibi aliyesema si wa mama mmoja akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe ni ndugu kabisa!" akasema.

Baadaye nilisoma kwamba mtu aliyetangaza njia ya namna hii ni Reginald Punnett, mwalimu wa chuo kikuu cha Cambridge huko Uingereza. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia chakula kilikuwa haba, naye alionyesha kwamba rangi yaweza kutumika kuwatenga majogoo wachanga, ili nafaka wapewe kuku watakaotaga. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Japani walipata njia nyingine, ya kutazama sehemu ya haja ya kifaranga, lakini hiyo yahitaji mtu aliyefundishwa kwa muda mrefu. Basi njia ya rangi ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye chakula kidogo. Mimi niliiona rangi kwa macho yangu mjini Arusha, nikafunika boksi.

Juma hilo lilikuwa refu kwangu. Shauri la muuzaji lilinijia mara nyingi: tusubiri miezi miwili. Nikingoja, labda lawama zitapoa. Labda wengine watakufa, na hesabu itachanganyika. Nayaandika haya kwa aibu, lakini ni kweli. Kila jioni nilipopita niliona akina mama wakinunua chakula kwa zamu, kilo kwa kilo, na wa manjano wakila kwa bidii sawa na wa kahawia.

Siku ya nane tulipima. Wa manjano kumi kwa pamoja walikuwa na gramu 700 hivi. Wa kahawia kumi walikuwa karibu sawa nao. Wangekuwa wa nyama, wangepita kilo moja na nusu. Bwana mifugo akasema wa nyama si wao. Aina nyeupe nayo hatakiwi kuwa katika boksi lenye jina lile, wala hachanganywi na wa kahawia. Kwa hiyo ni majogoo.

Nilisimama mbele ya akina mama nikawaambia yote: kwamba sikuhesabu rangi, kwamba niliandika daftarini maneno ya mtu mwingine kama kwamba nimeyaona mwenyewe, na kwamba stakabadhi niliyoitia sahihi inasema tu "vifaranga 100", bila aina wala jinsia. Kwa hiyo hatukuwa na la kumdai muuzaji, naye hakurudisha kitu.

Palikuwa kimya. Kisha mama mwenyekiti akasema, "Fedha zimekwenda. Lakini chakula hakijakwenda bado. Mwalimu, ungalituambia baada ya miezi miwili, vyote viwili vingalikwenda."

Siku ile ile wakawatenga. Majogoo 24 waligawanywa, kila mama mmoja, na wanne kwa wagonjwa. Wengine arobaini walitunzwa mpaka wakapata manyoya, wakauzwa kwa bei ndogo kwa watu wanaopenda kuwakuza kwa kitoweo. Mimi nililipa mitetea 25 kutoka mshahara wangu kwa miezi miwili, na safari hii mama mwenyekiti alifuatana nami Arusha. Aliwatoa vifaranga wote juu ya kanga yake, mmoja mmoja, barazani, mbele ya muuzaji mwingine, na wote walikuwa wa kahawia.

Ndugu wasomaji, mkienda kununua, fanyeni kama mama huyu. Fungueni boksi kabla ya fedha kutoka. Ulizeni mahali walipototoleshwa, siku waliyotoka, na kama wamechanjwa ugonjwa wa Marek, maana chanjo hiyo hutolewa siku ya kwanza. Aina na jinsia viandikwe katika stakabadhi. Mkifika nyumbani, wapimeni siku ya nane. Na wanaosema "rangi si kitu" waulizeni: kwa aina gani?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami nimejifunza kwamba iko mali inayoisha huku daftari limeandikwa vizuri sana.

Wale majogoo waliogawanywa, walipofika juma la sita, walikuwa na undu mwekundu vichwani na manyoya meupe yenye wekundu mabegani, kama bwana mifugo alivyosema. Mitetea wawili walikufa kwa baridi. Waliobaki, 36, walianza kutaga mwezi Desemba, kabla kidogo ya Sikukuu, na yai la kwanza alipewa yule bibi.

Daftari la kikundi liko mezani pangu ninapoandika haya. Mstari wa "mitetea 102" nimeupiga kalamu moja, bado unasomeka, na chini yake nimeandika: "Mitetea 38, majogoo 64. Nimewaona na kuwahesabu mwenyewe."